Kuanza ushauri nasaha kwa mtandao: nini hutokea, na sheria inasemaje

SUALI

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimeolewa, na mume wangu anafanya biashara ya mpunga huku Kasekese, Mkoa wa Katavi. Nimejifungua miezi minne iliyopita. Tangu hapo silali hata mtoto akilala, nalia bila ya sababu, na Swala naiswali huku moyo haupo. Nimesomewa ruqya mara tatu, nikapata nafuu ya siku mbili tatu kisha hali ikarudi. Dada yangu aliyeko Unguja ananambia kuna wataalamu wa saikolojia wanaozungumza na mtu kwa simu au kwa video. Je, inafaa? Mtu akianza anaulizwa nini? Nikieleza mambo ya nyumbani kwangu sitakuwa nimemsengenya mume wangu? Na nitajuaje kwamba siri zangu hazitaenea?

JIBU

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeona tulijibu suali hili kwa urefu, kwa sababu haliko kwa binti yetu huyu peke yake. Familia nyingi za visiwani zina watoto walioolewa au kuajiriwa mbali, bara, Maskati au Ulaya, na mtu akidhikika huko hana mama wa kumuegemea wala shangazi wa kumshika mkono.

Kabla ya yote, binti yetu, mtangulize mwili wako. Nenda katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, mueleze mhudumu kwamba umejifungua na hulali. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo baada ya uzazi huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na hii unayoieleza, na hayo hayatibiwi kwa mazungumzo. Na ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au inakujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri miadi ya mtandao wala ruqya ya jioni. Mwambie mumeo au jirani akufikishe hospitali siku hiyo hiyo, na usibaki peke yako na mtoto. Hiyo ni hali nyengine kabisa, inakwenda kasi, na inatibika ikiwahiwa.

Ujue pia kwamba huna upungufu wa imani uliokuteremkia wewe tu. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, zaidi yakiwa ni sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi hukaribia 20 katika 100. Hao hawawezi kuwa wote ni wavivu wa ibada.

Kutafuta tiba ya nafsi

Mas-ala ya kujitibu hayana utata. Usama bin Sharik (r.a.) amesimulia kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kujitibu naye akawaamrisha wafanye hivyo, akaeleza kwamba hakuna maradhi yaliyowekwa bila ya kuwekewa dawa isipokuwa uzee. Hadithi hii imo katika Sunan za Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah. Hakubagua maradhi ya kiwiliwili na ya nafsi.

Wala wanavyuoni wa zamani hawakubagua. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya maslahi ya mwili na nyengine ya maslahi ya nafsi. Humo alieleza ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi, na akagawa huzuni sehemu mbili: ile yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Alieleza pia kwamba nafsi hutibiwa kwa maneno na fikra, pengine mtu mwenyewe akijikumbusha, pengine akizungumziwa na mtu wa nje. Maprofesa wa leo wanaosoma kitabu hicho hushangaa kwa namna kinavyokaribiana na tiba ya mazungumzo inayotumika mahospitalini. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwaeleza Waislamu jambo hili. Na mahospitali ya Kiislamu ya zamani, kama ile ya Sultani Qalawun mjini Kairo iliyofunguliwa katika miaka ya 1280 Miladia, yalikuwa na sehemu maalumu za wagonjwa wa akili.

Ruqya kwa Qur'ani na dua zilizothibiti ni haki, na hatumwambii mtu aiwache. Tunalolikataa ni kuifanya ukuta wa kumzuia mgonjwa asifike kwa daktari. Na tunalikataa zaidi lile linalofanyika katika baadhi ya vijiji vyetu kwa jina la ruqya: mgonjwa kufungwa kamba, kupigwa bakora, kunyimwa chakula, na jamaa kutozwa fedha kila wiki. Hayo hayana asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.).

Nani ni nani

Watu huchanganya majina, wakajikuta wamekwenda kwa asiyehusika.

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari wa kawaida kisha akabobea katika akili. Huyu ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea chuo kikuu namna nafsi inavyofanya kazi na namna ya kuitibu kwa mazungumzo. Chuo Kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, kinafundisha fani hii hadi shahada ya uzamili. Yeye haandiki dawa, lakini hukuelekeza kwa daktari akiona haja. Mshauri nasaha ana mafunzo ya kusikiliza na kuongoza, na viwango vyao vinatofautiana sana: yupo aliyesoma miaka, na yupo aliyehudhuria semina ya siku tano kisha akajitangaza. Sisi mashekhe tunatoa nasaha ya dini na kusuluhisha wanandoa. Hatujasomea kupima sonona, na sheikh anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali amevuka mpaka wa elimu yake.

Siku hizi limezuka kundi jengine, nalo ni programu za simu zinazojibu zenyewe kama mtu. Ukiandika unajibiwa papo hapo, usiku wa manane, kwa maneno laini. Uliza wazi: huyu anayenijibu ni binaadamu? Kama si binaadamu, usimchukulie kuwa ni mtaalamu aliyebeba dhamana yako, kwani siku hali ikikuharibikia hakuna wa kuja kugonga mlango.

Kumtafuta na kumjua

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuanzia hospitali na kuomba kuelekezwa. Kwa aliyeko Kasekese, hospitali kubwa ni ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, iliyoko Mpanda. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, Dodoma, na kwa treni ya kutoka Mpanda ni lazima upite Kaliua na Tabora kwanza. Kwa aliyeko Unguja, ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Tunaujua umbali huo, na ndiyo sababu simu inakuwa na maana: kutoka bandarini Dar es Salaam hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, na mama mwenye mtoto wa miezi minne hawezi kusafiri kila wiki kwa ajili ya mazungumzo ya saa moja.

Ukimpata mtaalamu, muulize amesoma wapi, amesomea nini, amesajiliwa na nani, na anafanya kazi wapi mchana. Daktari lazima awe amesajiliwa na baraza la madaktari. Jirani zetu wa Kenya wametunga sheria maalumu ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, kwa hiyo aliyeko huko unaweza kumdai namba ya usajili. Mtaalamu wa kweli hachukii maswali haya. Anayechukia, muage kwa heshima.

Muulize pia kama atazungumza nawe kwa Kiswahili. Wataalamu wengi wamesomeshwa kwa Kiingereza na istilahi zao ni za Kiingereza, lakini mtu wa Pemba husema "moyo mzito", "roho inanipaa", "mawazo yamenizidi", na ndani ya maneno hayo ndimo maradhi yalimo. Zimbabwe walilielewa hili mapema. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianzisha huko mpango wa mabibi wa mtaani waliofunzwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi badala ya majina ya kitabibu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani na yalikuwa mazuri, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi anayemsikiliza mtu kwa lugha yake alifanya kazi ambayo wengi walidhani ni ya daktari peke yake.

Mawasiliano ya mwanzo

Kwa kawaida unaanza kwa ujumbe au simu fupi. Utaulizwa jina, umri, unaishi wapi, tatizo kwa muhtasari, na kama unatumia dawa yoyote. Utaulizwa pia jina na namba ya mtu wa karibu, na mahali hasa ulipo. Watu wengi hushtuka hapa na kudhani wanapelelezwa. Sababu yake ni nyepesi: ukiwa mbele ya daktari ukazimia, atakushika, ukiwa Kasekese naye yuko Dar es Salaam, hana njia isipokuwa kumpigia mtu aliye karibu nawe. Mpe mtu unayemuamini, na si lazima awe mume.

Kisha utaletewa maelezo ya makubaliano: ada, muda wa kikao, nini kitatokea ukikosa miadi, na mipaka ya siri. Soma, usitie saini kwa haraka. Ukiona hakuna makubaliano yoyote na unaambiwa utume fedha kwanza, ngoja.

Jambo dogo lililowapotezea watu vikao ni saa. Mtaalamu akiandika "8:00 usiku" anakusudia saa mbili za kwetu, nawe ukisoma kwa haraka utamsubiri saa nane za usiku. Na kama yuko Maskati, wao wametutangulia saa moja; Uingereza wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Andikianeni "saa mbili usiku za Tanzania" na mambo yaishe.

Kikao cha kwanza

Kikao huwa dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi mara moja kwa wiki. Usitarajie kutoka umepona. Kikao cha kwanza, na pengine cha pili, ni cha kufahamiana na kupima. Ataanza kwa kukukumbusha habari ya siri na mipaka yake, kisha atakuachia uzungumze. Ukilia, atangoja. Ukinyamaza, naye huenda akanyamaza, na hilo linawaudhi watu wetu waliozoea kwamba anayeulizwa ushauri hujibu pale pale.

Atakuuliza usingizi, chakula, nguvu za mwili, ndoa, uzazi, maradhi ya familia, misiba iliyokupata, na utoto wako. Huenda akakusomea orodha ya maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, ambayo hutumika duniani kote na imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 na kwenda juu mtaalamu huona haja ya kuchunguza zaidi. Alama hizo hazikuhukumu. Ni kama kipimo cha homa, na baada ya wiki kadhaa ataurudia ili ajue mnakwenda mbele au nyuma.

Suali la tisa ni la kujidhuru au kutamani kufa. Huulizwa kila mtu, hata aliyekuja kwa ajili ya kukosa usingizi tu. Usikasirike ukadhani amekudhania ukafiri. Jibu kwa ukweli. Mtume (s.a.w.) ametukataza kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililotupata, na kule kukatazwa ni dalili kwamba fikra hiyo humjia muumini. Kuisema mbele ya anayeweza kukusaidia hakuingii katika katazo, ni kuikimbia.

Mwisho wa kikao mtakubaliana mnataka kufika wapi. Lisiwe neno kubwa kama "nataka furaha". Liwe kama "nilale saa tano", "niweze kumnyonyesha mtoto bila ya kulia", "niswali kwa utulivu". Huenda akakupa kazi ya nyumbani: kuandika fikra zinazokujia na saa zake, kutoka nje kutembea asubuhi, kumwambia mumeo jambo moja ulilolificha. Anayedharau kazi hizi hulalamika kwamba "tunazungumza tu".

Na una haki ya kubadilisha mtaalamu. Ikiwa baada ya vikao viwili au vitatu humuelewi au anaikejeli dini yako, mwambie na utafute mwengine.

Siri, na mipaka yake

Mtaalamu mwaminifu hamwambii mumeo, mama yako wala sheikh wako uliyomueleza. Mipaka ipo, na ni vizuri uijue kabla hujafungua kinywa: akiona uhai wako uko hatarini, au wa mtu mwengine, au kuna mtoto anayedhuriwa, atawaambia wanaopaswa kujua. Sharia yetu inaafiki, kwani kuhifadhi nafsi kumetangulia kuhifadhi siri.

Siri ina adui mwengine, naye ni chombo chenyewe. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya BetterHelp, maarufu kwa ushauri wa mtandaoni, kulipa dola milioni 7.8 kwa kutoa taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo, ikiwemo Facebook, baada ya kuwaahidi kuwa zitabaki siri. Kwa hiyo ukiambiwa upakue programu, uliza taarifa zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zinalindwa humo kwa uzito wa pekee. Usikubali kikao kurekodiwa bila ya idhini yako, wala wewe usimrekodi mtaalamu kwa siri ukaja kuwarushia shoga zako. Majlisi ni amana kwa pande zote mbili.

Kisha kuna nyumba. Nyumba nyingi zina kuta zisizofika juu, na linalosemwa chumbani husikika ukumbini. Tumia hedifoni, kwani angalau upande mmoja wa mazungumzo utafichika. Chagua saa ambayo watu wako shamba au msikitini. Kaa nje chini ya mti kama nje kuna faragha zaidi kuliko ndani. Mvua ikipiga juu ya mabati hamtasikilizana, basi wakati wa masika afadhali asubuhi. Kubalianeni na mtaalamu neno moja la kawaida, kwa mfano "nimesahau kuzima jiko", ukilisema ajue kuna mtu ameingia na abadilishe mazungumzo. Futa ujumbe ikiwa simu yako inashikwa na wengi.

Mtandao ukikatika katikati ya maneno mazito, inaumiza. Kubalianeni mapema nani atampigia mwenziwe na baada ya dakika ngapi. Video hula bando; sauti peke yake inatosha, na kwa wengi ni nyepesi zaidi kusema bila ya kutizamwa.

Je, ni kusengenya?

Hapa ndipo wanawake wetu wengi wanapokwama. Imam an-Nawawi katika Riyadh as-Swalihin ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa analolichukia kunaruhusiwa, miongoni mwao ni kushitaki dhulma na kutafuta fatwa au ushauri. Dalili mojawapo ni ya Hind bint Utba (r.a.), alipomuendea Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba mumewe Abu Sufyan ni mgumu wa mkono na hampi yeye na watoto wake kinachowatosha. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume hakumkaripia kwa kumtaja mumewe. Alimjibu suali lake. Basi mueleze mtaalamu yanayohusiana na maradhi yako kwa kiasi cha haja. Ukiona umeanza kusimulia aibu za mawifi zisizokuhusu, hapo umetoka nje ya mpaka. Siri za kitandani ni hivyo hivyo: ikiwa tatizo liko hapo, litaje kama unavyolitaja kwa daktari, bila ya kupambanua yasiyohitajika. Na dhambi aliyoifunika Allah usiifunue kwa kusimulia, ila pale ambapo tiba haiwezekani bila ya kuitaja.

Mwanamke atafute mtaalamu wa kike, na mwanamme wa kiume, inapowezekana. Isipowezekana inaruhusiwa kwa haja, kama kwa madaktari wengine. Khalwa kwa maana yake katika fiqhi ni kukutana wawili mahali pamoja pa faragha, na simu si hivyo. Hata hivyo mlango wa fitna haufungwi na umbali: vaa hijabu yako kwenye video, zungumza yenye haja, wala kusiwe na ujumbe wa usiku nje ya miadi. Mtaalamu anayeanza kukusifu uzuri wako, kukuomba picha au kukutaka mkutane nje, kata mawasiliano na umshitaki. Huyo amevunja maadili ya kazi yake kabla ya kuvunja ya kwetu.

Mtaalamu asiye Muislamu? Akiwa mwaminifu na mjuzi, inafaa. Katika Hijra, Mtume (s.a.w.) alimuajiri Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia hali ya kuwa hakuwa Muislamu, na Ibn al-Qayyim ametoa hapo dalili ya kumtegemea mtu kama huyo katika tiba na mfano wake. Mwambie mapema kwamba Swala, funga na hijabu si sehemu ya tatizo. Akikupa ushauri unaopingana na dini, uweke kando na umuulize mwanachuoni, lakini usiukatae kwa sababu tu ni mpya masikioni mwako.

Ama mume, kumshirikisha ni bora, na waume wengi wakielezwa kwa upole husaidia kuliko tulivyowadhania. Ada ikitoka katika mali yako, ni mali yako. Je, ni juu yake kulipa? Vitabu vya Kishafii tulivyovisoma madrasa vinasema gharama za tabibu na dawa hazimo katika nafaka ya lazima ya mke. Marehemu Dkt. Wahba az-Zuhaili ameeleza kwamba hilo lilifungamana na zama ambazo tiba haikuwa haja ya lazima, na leo imekuwa kama chakula. Nasi tunaelemea kauli hiyo, khasa kwa maradhi yaliyomjia mke kwa sababu ya kumzalia mume mtoto.

Lini simu haitoshi

Anayesikia sauti au kuona yasiyoonekana, aliyekusudia kujiua na amepanga namna, mwenye kifafa, na aliyezama katika dawa za kulevya, hao wanahitaji hospitali na watu wa kuwashika. Anayepigwa nyumbani na simu yake kukaguliwa, mazungumzo ya mtandao yanaweza kumzidishia hatari. Aanze kwa kufika kwa watu salama au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa mtoto anayedhuriwa ipo namba 116, ni ya bure na inafanya kazi bara na Zanzibar. Kwa dharura ya polisi ni 112.

Vikao vingapi? Kwa sonona na khofu za kawaida, tiba ya mazungumzo huchukua kiasi cha vikao 6 hadi 20. Mara nyingi mtu huona nafuu baada ya wiki nne au tano, na katikati huwepo wiki mbaya ambayo mtu hutamani kuacha. Asiache kabla ya kumwambia mtaalamu. Kikao cha mwisho hupangwa mapema, hutizamwa kilichobadilika, na huandikwa dalili za kuangalia iwapo hali itarudi. Aliyepewa dawa na daktari asizikatishe mwenyewe siku anayojisikia vizuri, kwani baadhi yake hupunguzwa kidogo kidogo, na kwa anayenyonyesha daktari aambiwe tangu mwanzo ili achague inayofaa.

Wallahu a'lam.